Ukipigiwa Simu ya Msiba Kutoka Nairobi: Maneno ya Polisi na Maana Yake

Simu ililia saa tisa usiku, nikiwa Toronto. Ni shangazi, anaongea kwa sauti ya chini: "Mwanangu, binamu yako ametuacha. Polisi wanasema ni kifo cha ghafla." Nikajua nimeshaambiwa kilichomuua. Kumbe sikuwa nimeambiwa lolote.

Polisi wakisema kifo cha ghafla, wanamaanisha tu kwamba mtu amefariki na sababu haijulikani. Huenda ni moyo, huenda ni sumu, huenda ni mkono wa mtu. Kwa hiyo usianze kulaumu wala kusamehe. Uliza namba ya OB, yaani namba ya ripoti katika daftari la matukio la kituo, pamoja na tarehe yake. Kisha uliza jina la mpelelezi aliyekabidhiwa faili. Bila namba hiyo, kila utakayempigia atakuomba uanze hadithi upya, na dakika za simu ni zako.

Mwili ukipelekwa Nairobi Funeral Home, usichanganyikiwe. Ndipo pale pale ambapo wengi wetu bado tunapaita City Mortuary. Hapo litakuja neno postmotamu, yaani upasuaji wa maiti, na hapa ndipo ningekusihi uweke nguvu zako zote. Kabla ya kisu kugusa mwili, jamaa wa marehemu huitwa kuutambua mbele ya polisi. Sisi tuliwapeleka shangazi na mdogo wangu; shangazi alimtambua kwa kovu la goti, alilopata akianguka na baiskeli kule Kayole. Familia inaweza kuomba daktari wake awepo kando ya yule wa serikali. Mtafute mapema, si asubuhi ya upasuaji, maana huko ughaibuni unaweza kuchanga pesa, lakini huwezi kurudisha saa nyuma.

Ripoti ikitoka, isome kwa makini. "Kukosa hewa" ni chanzo cha kifo, lakini hakikuambii kama alinyongwa, alizama au alivuta moshi wa jiko la makaa. Ukisikia "sampuli zimepelekwa kwa Mkemia wa Serikali", wanatafuta sumu, dawa au pombe, na majibu hayaji kesho. Tulikuwa na haraka ya mazishi, wazee wakishapanga Jumamosi ni Jumamosi. Hata hivyo, hakikisha daktari wenu ameridhika kwanza, kwani kufukua maiti baadaye kunahitaji amri ya mahakama.

Mshukiwa ni anayetiliwa shaka. Mshtakiwa ameshasomewa mashtaka kortini. Katika kundi la WhatsApp la familia yetu maneno haya mawili yalikuwa kitu kimoja, na watu wakagombana bure. Mauaji ya kukusudia, kifungu cha 203 cha Kanuni ya Adhabu, husikilizwa na Mahakama Kuu. Kuua bila kukusudia ni kifungu cha 202, na adhabu yake ya juu ni kifungo cha maisha. Mshtakiwa wa mauaji anaweza pia kupewa dhamana chini ya Katiba ya 2010. Ukisikia ameachiliwa, usidhani kesi imekufa.

Askari wakituhumiwa kuhusika na kifo, peleka malalamiko IPOA, mamlaka huru ya kuwachunguza polisi.

Na pasipo mshukiwa? Faili inaweza kwenda mbele ya hakimu kwa uchunguzi wa kifo, ambao mawakili huuita inkwesti. Mashahidi huitwa, lakini hakuna anayesimama kizimbani kama mshtakiwa. Hakimu akiona kuna wa kushtakiwa, anaweza kuagiza hivyo. Kwa hiyo ukijibiwa "uchunguzi unaendelea", usikate simu. Uliza: "Afande, faili iko kwa Mkurugenzi wa Mashtaka, kwa hakimu, au bado iko mezani kwako?" Mimi niliuliza mara tatu. Mara ya nne nikasikia karatasi zikifunuliwa.