Somo: Namna ya Kuiondoa Nyumba Katika Daftari la Duka

Assalaamu alaykum. Somo hili nimeliandika kwa ajili ya nyumba ambazo mshahara ukiingia tarehe 25 hupita moja kwa moja kwa mwenye duka wa mtaani, na tarehe 26 mtoto akatumwa tena kuchukua sukari kwa kuandikiwa. Nyumba yetu hapa Unguja iliishi hivyo kwa miaka minne. Hatukuwa wafujaji, wala mwenye duka hakuwa mtu mbaya. Tatizo ni kwamba tulikuwa tunaula mshahara kabla haujatoka.

Hatua ya kwanza: nakili daftari la mwezi mzima

Muombe mwenye duka daftari lake na unakili kwa mkono, mstari kwa mstari. Usilipige picha tu, kwa sababu picha hutaisoma, ilhali mkono ukiandika akili nayo huhesabu. Ukimaliza, gawa mistari yote katika mafungu.

Mwezi nilionakili mimi, jumla yetu ilikuwa shilingi 214,000. Mchele, unga, sukari, mafuta ya kupikia, chooko (choroko) na majani ya chai vilichukua 121,500. Boflo (mkate) na maziwa vilichukua 28,500, na sabuni pamoja na dawa ya meno 19,000. Shilingi 45,000 zilizobaki zilikuwa soda, vocha, na mistari ambayo sikuielewa mpaka nilipomuuliza mwenyewe. Katika ukurasa mmoja nilihesabu mistari kumi na moja iliyoandikwa "mtoto 300" au "mtoto 500", bila ya kutajwa bidhaa. Zilikuwa biskuti na barafu, na mara nyingine ni chenji ambayo mtoto aliyetumwa kitu kingine alijilipa mwenyewe ujira wa njia. Nilikwenda pale nikiamini kwamba tunaibiwa na bei ya sukari ya robo robo, kumbe mwizi nimemzaa mwenyewe.

Bei ya robo nayo ina hasara yake. Kwa bei za wakati ule, robo ya sukari ilikuwa 900 na kilo nzima 3,200, kwa hivyo anayenunua robo nne hulipa 3,600. Kwa vyakula vyetu vyote tofauti hiyo ilifika kiasi cha 12,000 kwa mwezi.

Hatua ya pili: punguza mapema

Tulikubaliana na mwenye duka kwamba mtoto hapewi kitu bila ya karatasi iliyoandikwa na mmoja wetu, hata akija analia. Fungu la 45,000 likashuka hadi 15,000, tukabakiwa na 30,000. Ukijumlisha na zile 12,000 za kuacha kununua robo robo, nyumba ambayo ilitumia 214,000 sasa inaweza kuishi kwa 172,000, na hakuna aliyelala na njaa.

Hatua ya tatu: lipa deni lote, lakini punguza jipya

Hapa ndipo wengi hukosea. Mtu akishatia nia humwambia mwenye duka kuwa atamlipa kidogo kidogo, na papo hapo anaanza kununua taslimu kwengine. Mwenye duka naye ana mkopo wake kwa muuzaji wa jumla, kwa hivyo utavunja ujirani bila ya sababu. Njia tuliyoifuata sisi haikumcheleweshea hata senti moja.

Mwezi wa kwanza tulilipa 214,000 zote kama kawaida, na katika mwezi ule tukahakikisha kuwa tunaandikiwa 172,000 tu. Mwezi wa pili, katika zile 214,000 tulizozoea kuzitenga, tulilipa 172,000, na 42,000 zilizobaki tukanunulia sukari na mafuta kwa taslimu, kwa hivyo deni la mwezi ule likawa 130,000. Mwezi wa tatu ukilipa 130,000 unabakiwa na 84,000 mkononi, na deni jipya linakuwa 88,000. Endelea hivyo: mwezi wa nne deni ni 46,000 na mwezi wa tano ni 4,000. Mwezi wa sita unalipa hizo 4,000, unanunua mahitaji yote kwa taslimu, na unabaki na 38,000 zisizodaiwa na mtu. Hiyo ni hesabu ya karatasi. Sisi ilituchukua miezi minane, kwa sababu Ramadhani ilituingilia katikati na mtoto mmoja aliugua.

Hatua ya nne: bidhaa zitoke kwa mpango

Anza na sukari na mafuta, kwa sababu ndizo zinazonunuliwa mara nyingi kwa vipimo vidogo. Mchele uuache mwisho, mpaka uwe na fedha za kununua polo zima, yaani gunia, katika soko la Darajani au Mwanakwerekwe. Polo moja tuligawana na shemeji yangu, kwani nyumba ya watu watano ikiweka mchele mwingi wakati wa masika, unyevu huleta fukusi, wale wadudu wa nafaka. Fungu letu tulilitia katika ndoo za plastiki zenye vifuniko vinavyobana. Usisahau kuhesabu nauli ya daladala, na ya kijana wa mkokoteni pia, maana nauli mbili zinaweza kuila faida yote ya bei ya jumla.

Hatua ya tano: fedha za kitoweo zisichanganywe

Kitoweo hakiandikwi dukani. Kila asubuhi mimi hufunga fedha za siku katika pembe ya kanga, na zikibaki jioni haziongezwi kwenye za kesho bali hutiwa katika kopo. Ujue pia mwendo wa bahari. Dagaa huvuliwa usiku kwa taa, na mbalamwezi ikiwaka hawakusanyiki kwenye taa, kwa hivyo huadimika na bei hupanda. Nunua dagaa wakavu katika siku za giza, uweke akiba, na siku za mbalamwezi upike hao kwa nazi au upike chooko.

Maswali ya wanachama

Swali kutoka Wete: Mwalimu, sisi hatuna mshahara. Mume wangu anategemea karafuu, na tunaandikiwa dukani mpaka msimu. Tufanyeje?

Jibu: Dada yangu, kwenu mshahara ni ile siku karafuu inapouzwa kituoni kwa ZSTC, shirika la biashara la Serikali ya Zanzibar, ila ni mshahara wa miezi mingi. Mukishalipa deni na wachumaji, gaweni kilichobaki kwa idadi ya miezi mpaka msimu mwengine, na muongeze miezi kadhaa, kwa sababu mkarafuu ukizaa sana mwaka huu aghalabu mwakani hupumzika. Fedha za miezi ya mbele zisikae ndani ya nyumba. Kwa kuwa Pemba muna muhogo, majimbi na shelisheli, polo la mchele kwenu linaweza kwenda mbali kuliko kwetu mjini.

Swali kutoka Jang'ombe: Mwenye duka ni mjomba wangu. Nikiacha kuandikiwa ataona nimemtenga.

Jibu: Mwambie mwenyewe kabla hajayasikia kwa watu, na uendelee kununua boflo, maziwa na sabuni kwake kwa taslimu. Wetu alinuna wiki mbili, halafu akaanza kunipunguzia bei bila ya kuombwa.

Swali kutoka Chake Chake: Je, niingie kibati ili nipate fedha za mkupuo nilipe deni?

Jibu: Kibati, yaani mchezo wa kuchangiana fedha na kupokezana kwa zamu, ni kizuri kwa kununua polo au kwa kujiandalia Ramadhani. Lakini ukiingia ukiwa bado unadaiwa, siku ya kutoa mchango utakwenda kukopa mboga dukani, na deni litakuwa limebadilisha jina tu. Toka kwanza katika daftari, halafu zile 38,000 ndizo uzipeleke katika kibati au katika kikundi cha hisa.

Swali kutoka Bububu: Akiba ya Ramadhani niianze lini? Kila mwaka hunikuta sijajitayarisha.

Jibu: Anza Mfungo Mosi, mara tu baada ya Idi, na uhesabu kwa miezi ya mwandamo. Mwaka wetu wa Kiislamu unapungua kiasi cha siku 11 kuliko huu wa mshahara, kwa hivyo anayehesabu kwa Januari na Disemba kila mwaka hujikuta amechelewa. Mwaka 2030 Ramadhani itaingia mara mbili, mwanzoni mwa Januari na tena mwishoni mwa Disemba, na atakayekuwa na kopo moja tu la mwaka atafuturu mara ya pili kwa kuandikiwa. Nguo za watoto za Idi zinunue kabla ya Shaabani kwisha, maduka ya Darajani yakiwa bado hayajajaa, ila chukua saizi moja mbele.