Kuomba MBA ukiwa umeshapita arobaini, hatua kwa hatua

Dada yangu ana miaka 43, yuko kwenye mambo ya kutoa mizigo bandarini Dar, mwaka jana kaamka tu anasema anataka MBA, yaani shahada ya uzamili ya usimamizi wa biashara. Tumekaa mezani kwake miezi minne, so naandika nilichokiona.

1. Chagua programu ya watu wa rika lako. MBA ya kawaida ya kusoma siku nzima wengi mle ni watoto wa miaka 27, 28, na chuo kitajiuliza wewe ukimaliza nani atakuajiri. Angalia Executive MBA (Strathmore pale Nairobi wanayo), unasoma huku mshahara unaingia. Au zile shahada za uzamili za mwaka mmoja za wazoefu, ingawa cheti chenyewe hakiitwi MBA, mfano MSx ya Stanford inayotaka uzoefu kuanzia miaka 8, au Sloan ya London Business School.

2. Mtihani. GMAT, ule mtihani wa kuombea vyuo vya biashara, ya sasa ni saa mbili na robo, maswali 64, jometri wameitoa. Ila kama chuo kinapokea Executive Assessment, mtihani mfupi wa wazoefu, chukua hiyo, dakika 90 na maswali 40, usijitese bure. Zote mbili kwenye sehemu ya hesabu hakuna kikokotoo, na mtu aliyezoea Excel miaka 15 kugawanya kwa mkono kashasahau, anza hapo.

3. Vyeti. Skani. Kama jina lilibadilika ulipoolewa, tafuta kiapo cha mwanasheria mapema.

4. Wadhamini, yaani watu wa kukuandikia barua ya mapendekezo, sio wa kukulipia ada. Hapa ndo tuliliwa wiki tatu nzima. Ukiwa na 25 bosi wako yupo, unamwomba basi. Ukiwa na 43 bosi ni wewe, na waliokuwa mabosi zako wamestaafu wako shamba Kibaha. Sisi tulimpata mzee mmoja aliyewahi kuwa mkuu wake, akasema "mwanangu, andika mwenyewe mi nitasaini". USIKUBALI. Kwanza hakuna cha kusaini, chuo kinamtumia linki yeye mwenyewe kwenye imeili yake na anajaza humo. Pili vyuo vingi vinakataza, na mwandiko wako utafanana na insha zako. Tatu, na hii ndo kubwa, wazee wetu wanajua kuandika "ni mchapakazi, mwaminifu, hana tatizo lolote", wakati maswali yenyewe mara nyingi yanataka mdhamini amlinganishe mwombaji na wenzake wa cheo kile, halafu aeleze alishawahi kumkosoa nini na akapokeaje. Ukisema hana kasoro umemharibia. Tulichofanya, dada alimfuata nyumbani na mkate wa kumimina, wakakaa wakakumbushana ile mizigo iliyokwama na jinsi alivyogombezwa, mzee mwenyewe akacheka. Akaandika hiyo. Linki nayo ilikuwa imeingia kwenye spamu siku sita, so mpigie simu siku hiyohiyo inapotumwa, sio wasapu, simu. Kama una imeili ya kazini ya mdhamini tumia hiyo, vyuo vingine vinazitilia shaka za Gmail. Huna bosi kabisa? Mteja mkubwa au mjumbe wa bodi anafaa, ndugu hafai hata akiwa waziri.

5. Sivii. Ya dada ilikuwa kurasa nne na semina zote tangu 2004. Ukurasa mmoja tu, na miaka ya mwanzo mstari mmoja inatosha.

6. Insha. Wanachotaka kujua ni kwa nini sasa. "Nataka kupanua maarifa" futa. Dada aliandika kwamba kampuni inafungua tawi Lubumbashi na yeye hajawahi kusoma mizania, ndo ikakaa. Na umri wako usiuombee radhi popote.

7. Kutuma. Angalia dedilaini ni ya saa za wapi. Saa 11:59 usiku ya New York wakati wa baridi (kwa saa za kizungu, yaani saa sita usiku kasoro dakika moja), kwetu ni saa mbili kasoro dakika moja asubuhi ya kesho yake. Dada alibonyeza saa moja na nusu, bado yuko na kanga, chai imeshapoa.