Kupiga picha nebula ukiwa uani kwako Tanga, achana na nyota ya kaskazini

Wakuu, ukitafuta mtandaoni jinsi ya kupiga picha nebula, yaani yale mawingu ya gesi na vumbi yaliyo mbali angani, karibu maelezo yote yanaanza hivyohivyo, tafuta nyota ya kaskazini, elekeza stendi yako pale, halafu ndo uendelee. Sasa sisi wa Tanga tuko kama digrii 5 kusini mwa ikweta, hiyo nyota iko chini ya upeo wa macho mwaka mzima, hatuioni ng'o. Ncha ya kusini ya anga, ile sehemu ambayo nyota za kusini zinaizunguka, nayo iko digrii 5 tu juu ya upeo, imezama kwenye mvuke wa bahari, na nyota iliyo karibu nayo ni hafifu mno. Unakuta mtu kasoma hayo kakata tamaa, au kanunua stendi ya ikweta, ile ambayo mhimili wake unaelekezwa kwenye ncha ya anga, kwa hela nyingi, inafika inakataa kushuka mpaka digrii 5, na ukiilazimisha kile chuma cha uzito kinagonga mguu wa stendi. Mi nasema hivi, kwa nebula ya Orion, iliyo kwenye kundi la nyota la Orion, ukiwa Tanga huihitaji stendi hiyo. Ile ya kawaida yenye mota, inayokwenda juu chini na kulia kushoto, inatosha kabisa, tena kwetu inafanya kazi vizuri kuliko huko zilikoandikwa hizo guide.

Ngoja nieleze kwanini maana hapa ndo penye utamu. Stendi ya juu-chini inaifuata nyota vizuri tu ila haiizungushi kamera, kwahiyo anga linajizungusha taratibu ndani ya picha na nyota za pembeni zinachora vitao. Mtu wa London, Orion ikiwa juu kabisa kwake, picha inamzunguka kama digrii 11 kwa saa. Sisi sasa: nebula ya Orion iko digrii 5 na kidogo kusini mwa ikweta ya anga (mstari wa angani ulio juu ya ikweta ya dunia), Tanga iko digrii 5 kusini mwa ikweta ya dunia, yaani inapita juu ya utosi wetu karibu sawasawa. Inachomoza mashariki na kupanda wima moja kwa moja, hailali upande, na ikipanda hivyo mzunguko wa picha unakuwa kama digrii moja tu kwa saa. Hiyo ni zawadi, na hujailipia. Watu wa Bagamoyo mmetupita digrii moja na kitu tu kuelekea kusini, kwahiyo na nyie mnakula humohumo.

Tena mashariki yetu ni bahari. Taa za mji ziko nyuma yako, mbele ni giza la maji mpaka Pemba. Ukiwa Raskazone au Sahare unaliona hilo wazi, ukiwa Ngamiani katikati ni kazi zaidi ila Orion inang'aa, itatoka tu. Mwenye usafiri ashuke njia ya Pangani, ukishafika Tongoni anga ni lingine kabisa. Kitu kimoja cha kukumbuka, usiku wa kiza usio na mbalamwezi unaoutaka wewe ndo huohuo wanaoutaka wavuvi wa dagaa, taa zao zinawaka mbele yako baharini, kwahiyo subiri Orion ipande kama digrii 30 ndo uanze.

Muda wake ni Desemba mpaka Februari. Katikati ya Desemba Orion inatoka baharini jua likizama, inafika utosini kama saa sita na nusu usiku, unapata masaa manne mazuri kama vuli imeshakata. Katikati ya Januari inafika utosini kama saa nne na nusu, na hapo kaskazi imeshatulia na mawingu yanapungua, mimi Januari ndo naipenda. Ikibakiza digrii 10 hivi kufika utosini simamisha, maana pale juu stendi inatakiwa kugeuka ghafla toka mashariki kwenda magharibi na mota haiwezi, picha zote zinaharibika. Pumzika, kunywa chai, uendelee ikishavuka.

Vifaa sasa. Darubini ndogo ya lenzi yenye upana wa milimita 70 au 80, urefu wa fokasi milimita 400 hivi, ni bora kuliko ndude kubwa, kwasababu nebula ya Orion ni kubwa, upana wake angani ni kama mara mbili ya mwezi mpevu, darubini ndefu inakukatia mabawa yake. Kamera ya DSLR (ile ya kubadilisha lenzi, unaifunga nyuma ya darubini) ya mtumba inatosha. Ujue tu kwamba kamera ya kawaida ina kioo mbele ya sensa (kile kipande kinachopokea mwanga) kinachokata sehemu kubwa ya wekundu wa haidrojeni, ule wa nanomita 656, ndo maana nebula yako itatoka na rangi ya waridi na bluu badala ya nyekundu kali, sio kosa lako. Kama una bajeti ya kununua kitu kimoja kila kitu ndani, zile darubini janja kama Seestar S50 zina lenzi ya milimita 50, kamera, filta na kipasha joto humohumo, uzito kama kilo 2.5, na stendi yake ni hiyohiyo ya juu-chini. Umeme, betri ya pikipiki ya volti 12 inaendesha stendi usiku mzima bila shida.

Kabla hujatoa kitu nje nenda kaongee na majirani. Taa moja ya ukutani inaharibu zaidi ya taa za bandari zote. Mi huwa nasema tu, "Shikamoo mama, samahani naomba leo tuzime hii taa ya nje mpaka saa tano, napiga picha za nyota," na ukimwonyesha picha kesho yake basi mara ya pili anazima mwenyewe na watoto wanakuja kuangalia.

Fokasi. Hapa kaa, usiharakishe, picha nyingi zinafia hapa. Darubini itoe nje nusu saa kabla ili ilingane na hewa ya nje. Kata barakoa ya Bahtinov kwenye boksi gumu, ni mchoro aliobuni Mrusi Pavel Bahtinov mwaka 2005, unaupata bure wa kuprinti kwa kipimo cha darubini yako: nusu moja ina mistari iliyolala, nusu nyingine ina makundi mawili ya mistari ya mshazari. Bandika boksi mbele ya lenzi, elekeza kwenye nyota angavu kama Rigel au Sirius, zote ziko palepale jirani, washa skrini ya kamera na kuza mpaka mwisho. Utaona nyota imetoa alama ya X na mstari mmoja unaopita kati. Zungusha fokasi kidogo sana, mstari utahama, ukivuka katikati rudisha, mpaka ukae sawasawa kwenye makutano ya X. Acha mkono, subiri mtikisiko uishe, angalia tena, maana ukikaza skrubu mara nyingi inasogea. Kisha toa boksi. Rudia kila baada ya saa moja hivi.

Mwaka 1880 Henry Draper wa Marekani ndo alipata picha ya kwanza ya nebula hii, sahani ya kioo iliachwa wazi karibu saa nzima, na mwaka 1883 Andrew Common akapata nzuri zaidi akiwa kwenye bustani ya nyumba yake Ealing, London, uani kama wewe tu. Siku hizi hatuachi wazi saa nzima, tunapiga fupifupi nyingi na kulalisha moja juu ya nyingine. Weka raw (faili ghafi la kamera), ISO (wepesi wa kamera kupokea mwanga) 800 au 1600, sekunde 10. Kama nyota bado ni duara jaribu 15. Piga za kutosha saa nzima, ni kama picha 360, na ukipata siku nyingine ongeza, maana chenga, vile vidoadoa vya ovyo kwenye picha, hazipungui kirahisi, ukitaka zipungue nusu unahitaji picha mara nne. Halafu piga na nyingine 50 hivi za sekunde 2, hizo ni za kitovu cha nebula palipo na zile nyota nne zinazoiangaza, kwenye sekunde 10 pale panaungua panakuwa peupe tupu. Kila baada ya muda sogeza darubini kidogo tu ili chenga zisikae sehemu moja.

Joto letu sasa, hili guide za Ulaya hazikwambii. Chenga za joto kwenye sensa zinakaribia kudabo kila joto likipanda digrii 6 hivi, na usiku wa Januari Tanga ni joto. Kwahiyo picha za giza, za kuondolea chenga hizo, kwetu ni lazima: funika lenzi, ISO ileile, sekunde zilezile, piga 30 hukohuko nje kabla hujafungasha, usije ukaenda kuzipiga kwenye chumba chenye feni. Baada ya hapo vuta fulana nyeupe mbele ya lenzi, iangazie na skrini nyeupe ya laptopu, piga 20 bila kugusa fokasi wala kugeuza kamera, hizi zinaondoa vumbi na giza la pembeni.

Umande nao ni adui. Zungushia mbele ya darubini bomba la sponji jembamba, urefu mara moja na nusu ya upana wa lenzi, na mkanda wa kupasha joto unaotumia pawabenki. Ukimaliza usifute lenzi kwa shati, chumvi ya bahari inachubua kioo. Futa miguu ya stendi kwa kitambaa chenye maji baridi, na darubini ilale kwenye ndoo yenye mfuniko unaobana na vipakiti vya silika, la sivyo fangasi wa pwani watakula lenzi.

Kwenye laptopu tumia Siril, ni ya bure, ina skripti zinazopanga picha zako zote, zinaondoa chenga kwa zile picha za giza, zinageuza kila picha ilingane na mwenzake. Mng'ao wa taa za mji unauondoa kwa GraXpert, nayo bure. Kisha vuta mwanga kidogokidogo, usiliminye anga mpaka liwe jeusi kama lami, liache kijivu cheusi, mule ndo kuna vumbi laini la pembeni linalopotea kwanza. Na naomba sana, achana na programu zinazojichorea nyota na rangi ambazo hukupiga. Mwanga huo umesafiri kama miaka 1,300 mpaka uani kwako, uache uonekane ulivyo.

Ukishaizoea Orion, Juni mpaka Agosti kuna nebula ya Lagoon, inapita juu sana upande wa kusini, ila yenyewe inazunguka haraka ikiwa juu kabisa kwahiyo bana kwenye sekunde 10. Na Februari usiku wa manane kuna nebula ya Carina kusini, digrii kama 35 juu, kubwa kuliko Orion na Waingereza kwao hawaioni kabisa, iwahi kabla masika hayajaanza.

Ukituma WhatsApp itume kama faili, sio kama picha, la sivyo inabanwa na ule wekundu laini wote unaliwa.