Ukienda Makumbusho ya Taifa Dar, panga tumbo kwanza

Anza na daladala. Kibao kikiandikwa Makumbusho, gari hilo linakupeleka kituo cha Kijitonyama, karibu na Kijiji cha Makumbusho. Fuvu la Zinjanthropus, kiumbe wa kale wa jamii ya binadamu, lile alilolipata Mary Leakey kule Olduvai mwaka 1959, halipo huko; liko Makumbusho ya Taifa yenyewe, mjini, Mtaa wa Shaaban Robert, jirani na Bustani ya Mimea. Panda gari la Posta, au basi la mwendokasi hadi Kivukoni. Nayasema haya kwenye habari ya chakula kwa sababu aliyepotea saa nne atafika saa saba, na saa saba ndipo maofisi yote ya Posta yanapomwagika kwa mama lishe.

Mama lishe wa mjini anampikia mtu wa ofisini, si mtalii, kwa hiyo saa yake ndiyo saa yako. Saa sita kasoro wali umeshaiva, maharage yana nazi, samaki bado wapo wa kuchagua na benchi lina nafasi. Ukijivuta hadi saa tisa utakuta masufuria yanasuguliwa. Mimi hula kwanza, ndipo naingia. Kusoma vibao na njaa ni kazi bure.

Jumapili, hesabu nyingine kabisa. Niliwahi kwenda na watoto wawili, tukazunguka Barabara ya Samora nzima milango imefungwa, tukaishia biskuti na soda. Tangu hapo siku hiyo nabeba chapati na maharage kwenye hotipoti, tunakula nje, maana kwenye kumbi za maonyesho chakula hakiingii. Mwezi wa Ramadhani nako, mchana, sehemu nyingi hufunga au hutundika pazia. Uliza mapema.

Kama una muda na nguo isiyoogopa harufu, teremka Feri, kwenye soko la samaki. Unachagua samaki mnadani au kwa wachuuzi, unampelekea mkaangaji, unamlipa ujira wake, anakurudishia wa moto na ndimu na pilipili. Patana bei ya kukaanga kabla samaki hajaingia kwenye mafuta. Nenda na noti ndogo ndogo. Maji ya kunywa nunua kabla hujashuka, na tishu usisahau, hasa ukiwa na watoto: mikono yenye mafuta ya changu haisafishiki kwa maji matupu.