Matone ya presha ya macho, dawa mbili kichupa kimoja: namna ya kuyatumia

Kama una presha ya macho na umeandikiwa dorzolamidi na timololi kwenye kichupa kimoja, hizo ni dawa mbili tofauti ila kazi yao ni moja, zote zinapunguza maji yanayotengenezwa ndani ya jicho. Mara nyingi ni tone moja asubuhi na moja jioni, yaani kila masaa 12, ila wewe fuata ulivyoandikiwa.

Kabla hujaanza, kama una pumu au mapigo ya moyo yako yako chini mwambie daktari hata kama hajakuuliza. Nasisitiza hili maana watu wanaona ni dawa ya macho tu, kumbe kona ya ndani ya jicho kuna kijitundu kinachopeleka machozi puani, timololi inapita humo humo inaingia kwenye damu, na mwenye pumu inaweza kumbana kifua vibaya sana. Sema pia kama septrini au SP (ile dawa ya malaria) huwa zinakudhuru, dorzolamidi ni jamii hiyo hiyo ya salfa.

Haya, kudondosha. Nawa mikono, vua lenzi kama unavaa (utazirudisha baada ya dakika 15), lala chali au inamisha kichwa nyuma, vuta kope la chini mpaka kiwe kama kimfuko, angalia juu halafu minya tone moja. Ncha ya kichupa isiguse jicho wala kope. Moja linatosha kabisa, jicho halina nafasi ya zaidi, mengine yatamwagikia shavuni tu na dawa yenyewe sio bei rahisi. Mkono ukitetemeka uegemeze kwenye paji la uso.

Sasa hapa ndo wengi wanaruka: funga jicho taratibu, usipepese, bonyeza kwa kidole ile kona ya ndani pembeni ya pua kwa dakika 2 hivi. Ukisikia ladha chungu kooni ujue dawa imeteremka huko, kwahiyo next time wahi kubonyeza na usiachie haraka.

Kama una matone mengine subiri angalau dakika 5, usipofanya hivyo la pili linaosha la kwanza. Kuwasha kidogo na kuona ukungu kwa muda ni kawaida, usiendeshe gari mpaka uone vizuri, ila ukikosa pumzi au ukizimia nenda hospitali haraka. Ukisahau dozi dondosha ukikumbuka, muda wa inayofuata ukiwa umekaribia iache hiyo, usidabo.

Andika tarehe ya kufungua kwenye kichupa, siku 28 zikiisha kitupe hata kama kimebaki. Na jamani msiache dawa eti kwa sababu jicho haliumi, presha hii mara nyingi haiumi na uoni ukishapotea haurudi. Siku ya kliniki pia dondosha kama kawaida, ndo daktari atapima aone kama dawa inafanya kazi.