Ganzi ya vidole inayotoka shingoni: namna ninavyoipima na kuitibu

Msusi aliingia akikung'uta mkono wa kulia kana kwamba umelowa. Alikuwa amefungwa bandeji kwenye kifundo cha mkono miezi mitatu, nafuu hakuna. Nilimwomba ajifanye anasuka nywele hewani. Mikono ilipopanda tu, ganzi ikaja.

Hatua ya 1: Akuonyeshe vidole. Aligusa kidole kidogo na cha pete, kisha akapandisha upande wa ndani wa kigasha. Neva ikibanwa kifundoni, ganzi hukaa dole gumba, cha shahada na cha kati. Ikibanwa kiwikoni hushika vidole vile vile viwili vya mwisho, ila haipandi kigashani. Hapo nikaanza kutazama juu, pale neva zinapopita kati ya misuli ya shingo, juu ya ubavu wa kwanza na chini ya mtulinga.

Hatua ya 2: Pima shingo. Alaze kichwa nyuma kidogo na upande unaouma, ukandamize taratibu. Akihisi kama umeme unashuka mkononi, shuku pingili za shingo. Aliyepata ajali karibuni usimfanyie hivi.

Hatua ya 3: Mikono juu, dakika 3. Viwiko usawa wa mabega, vimekunjwa, afumbe na kufumbua ngumi. Hata mzima huchoka, kwa hiyo uchovu si jibu. Uliza: "Ni ganzi ile ile ya kazini?" Akisema ndiyo, shuku njia ile ya neva chini ya mtulinga.

Mkono ukivimba ghafla na kuwa wa bluu, au ukiwa mweupe na baridi, acha vipimo. Tatizo hapo ni mshipa wa damu. Hospitali siku hiyo hiyo. Kwa wengine, eksirei ya shingo huonyesha kama kuna ubavu wa ziada unaoweza kubana neva.

Hatua ya 4: Tiba, wiki 6 hadi 12. Naanza na pumzi, maana wengi hupumua kwa misuli ya shingo, nayo huvuta ubavu wa kwanza juu. Alale chali, mkono tumboni, pumzi iinue mkono. Kisha akae, ashike kiti kwa mkono wenye ganzi, alaze kichwa upande wa pili sekunde 20, mara 3. Ganzi ikizidi, apunguze. Baadaye mazoezi ya kuimarisha misuli ya mabega. Ule ushauri wa "kaza mabega nyuma kama askari" siupendi: hubana nafasi ile ile ya neva tunayotaka kuipanua.

Misuli iliyo chini ya dole gumba ikianza kunywea, mpeleke kwa daktari wa upasuaji mapema.

Msusi wangu sasa huketisha wateja kwenye kigoda, viwiko vyake vibaki chini ya mabega. Bandeji aliiacha kwenye kiti changu.