Kimbunga kikitajwa, picha za satelaiti zisome hivi

Wavuvi wa Mikindani, Kilwa na Lindi mjini, kimbunga kikitajwa usiangalie picha moja ya mawingu ukaishia hapo. Fungua picha za Meteosat, satelaiti ya Ulaya ya hali ya hewa, za Bahari ya Hindi, zinatoka kila dakika 15, chagua infraredi, yaani picha ya joto, maana inaona hata usiku, alafu zichezeshe za masaa sita nyuma. Cheki mawingu kama yanazunguka kufuata mshale wa saa, huku kusini mwa ikweta ndo mzunguko wake, na jicho likiwa duara safi limezungushiwa mawingu marefu yenye vilele vya baridi kali pande zote, ujue kimbunga kina nguvu kweli. Yakivutwa upande mmoja, upepo wa juu unakivuruga.

Wataalamu nao wanafuata kipande cha wingu kinavyohama picha hadi picha, wanapata kasi ya upepo baharini ambako hakuna kituo, hizo namba zinaingizwa kwenye modeli ya kompyuta inayotabiri hali ya hewa ianze na hali halisi. Ndo maana utabiri unabadilika data mpya ikiingia. Kimbunga Kenneth cha Aprili 2019, Mtwara tulijiandaa, kikatua Cabo Delgado, Msumbiji, na kujiandaa kwetu kulikuwa sahihi kabisa. Kwahiyo taarifa ya TMA (Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania) ya asubuhi usiingie nayo baharini jioni, tafuta mpya.